Glasi ya Kwanza ya Rislingi

Bwana Lugembe, afisa kilimo wa wilaya, aliimaliza glasi yake kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyetoka kulima akapewa maji, na kabla hajaiweka mezani akaanza kukohoa. Wenyeji wake walidhani amepaliwa. Mzee Raymundi alitabasamu kwa upole, maana divai ya Rislingi hainywewi vile. Kwanza huangaliwa, kisha hunuswa, kisha huonjwa kidogo, ndipo hunywewa. Lakini kikohozi hakikukoma. Lugembe alishika kifua, akainama ukingoni mwa baraza na kutapika juu ya maua ya Bi Bernadeta. Aliponyanyua uso alikuwa anabubujikwa na machozi, na neno lililomtoka lilikuwa moja tu.

"Sumu."

Hayo yalitokea Jumatano alasiri, mwishoni mwa Oktoba 1971, huko Cheyo, Tabora. Dereva wa Land Rover ya kilimo alimkimbiza hospitali, na daktari hakuhitaji vipimo. Alimnusa mgonjwa mdomo akasema ni mafuta ya taa. Kabla ya magharibi Koplo Shilinde alikwisha kupata mtu wake. Alikuwa Mfaume, mwenye duka lililopakana na nyumba ya Mzee Raymundi. Mfaume anauza mafuta ya taa. Asubuhi ya siku ile alionekana akiingia uani kwa mzee na chupa mkononi. Tena ugomvi wake na mzee unajulikana mtaa mzima: mbuzi wa Mfaume walikula mizabibu, mzee akamwita mfuga mashetani, na Mfaume akasema mbele ya watu kwa kinyozi kwamba pombe ile ya Kizungu iko siku itamtoa mtu roho. Basi ikawa imemtoa, au karibu. Ilikuwa Ramadhani, na Mfaume alifuturu kwa maji ya bomba la kituo cha polisi.

Alhamisi asubuhi jalada likaletwa mezani kwa Inspekta Salmini Humaidi, na juu yake Koplo Shilinde alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HUJUMA. Siku zile neno hilo halikuwa la mchezo. Lugembe alikwenda Cheyo kwa kazi ya serikali. Alikuwa akague mizabibu ya mzee aamue kama inafaa kupandwa katika kijiji kipya cha ujamaa. Mtu akimlisha sumu mtumishi wa serikali kazini, hiyo si kesi ya mbuzi tena, ni miaka mingi gerezani.

Salmini alizaliwa Kanyenye, katika ukoo wa Waarabu waliofika Tabora na misafara ya zamani wakasahau kurudi Omani. Maishani mwake hakuwahi kuonja kileo, na siku hizo alikuwa amefunga. Alichokuwa nacho ni pua. Aliirithi, au tuseme aliiazima, kwa bibi yake, Bibi Nunu, aliyekuwa akipika udi ukasifika hadi Ujiji. Uzeeni Bibi Nunu alipoteza uwezo wa kusikia harufu, na hakumwambia mtu. Salmini ndiye aliyegundua, siku alipouona udi ukiungua ukawa mkaa huku bibi yake akiusifu. Tangu siku ile, kila alipochanganya udi, bibi alimwita chumbani, akafunga mlango na kumwuliza, "Nambie, baba, unanukaje?" Naye alijifunza kusema.

Kama kunusa divai kunabatilisha saumu, hilo Salmini hakutaka kumwuliza shehe, kwa kuogopa kujibiwa.

Alianzia mahabusu. Mfaume alikuwa ameketi sakafuni, kofia yake ameikunja mapajani, amenuna kuliko kuogopa.

"Inspekta, mimi nauza mafuta," alisema. "Nikitaka kumwua mtu, nitachukua bidhaa yangu mwenyewe, nipite nayo mchana kweupe mbele ya watu? Hata mbuzi wangu wana akili zaidi."

"Kwa Mzee Raymundi ulipeleka nini?"

"Mafuta. Bi Bernadeta aliniagiza. Nikampa mlangoni pa jiko, akanishukuru, nikarudi dukani. Divai yenyewe sijawahi kuiona. Nikilitaja jina lake tu natawadha upya."

Salmini alimwuliza kama Bi Bernadeta hununua mafuta mara kwa mara. Mfaume akafikiri, akasema hapana. Taa za nyumba ile mzee huzijaza mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kwa debe. Bi Bernadeta huja mara moja tu kwa mwaka, majira haya haya kabla ya mvua, na huchukua kidogo sana, hata Mfaume huona haya kumtoza. Safari hii alitaka chupa nzima.

Nje ya kituo, Tatu, mkewe Mfaume, alikuwa ameketi kando ya ukuta na kikapu cha futari, na ilikuwa ndiyo kwanza saa tatu asubuhi. Alimwamkia tu Inspekta na kukivuta kikapu karibu, kama mtu aliyejiandaa kungoja mwaka mzima, na Salmini alipita pale akiwa na uzito moyoni.

Cheyo alimkuta Mzee Raymundi barazani, amevaa koti licha ya joto. Salmini alimpa shikamoo, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Nyuma ya nyumba mizabibu ilisimama kwa mistari, mingine imetafunwa, mingine ikianza kuchipua. Mzee alikuwa mtu mzima wa miaka sabini hivi, mwenye sauti ya kusomesha. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, mishenari mmoja alimtafutia nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza kilimo cha zabibu na kuonja divai. Alikaa huko miaka miwili na zaidi. Aliporudi kwa treni, 1963, alishuka stesheni ya Tabora na sanduku moja la nguo na kreti moja la Rislingi, chupa kumi na mbili, zawadi ya mwalimu wake.

"Usiku ule tulifungua ya kwanza, mimi na Bernadeta," alisema. "Tangu hapo kila mwaka, siku ile ile niliyorudi, tunafungua moja. Wawili tu. Mwaka huu nikasema Lugembe aje, aonje kitu tunachokitaka. Nilitaka wanakijiji wapate kazi ya heshima, Inspekta. Sasa watasema mimi naua watu."

Chupa ilikuwa bado mezani, Koplo alikuwa ameifunika kwa kitambaa. Salmini aliifunua, akaisogeza puani, akafumba macho. Mafuta ya taa yalimjia kwanza, makali, ya dukani. Alisubiri yapite. Chini yake palikuwa na asali. Na chini ya asali palikuwa na kitu cha tatu, kama moshi wa majani makavu.

"Mzee, hii ni mafuta ya taa waziwazi."

Mzee Raymundi aling'aa uso. "Hapo ndipo daktari wenu alipokosea. Rislingi ikizeeka vizuri hunuka mafuta ya taa. Yenyewe, bila kutiwa kitu. Ni sifa yake. Hunuka mafuta ya taa, na tufaha, na asali. Nimemweleza Koplo, akanitazama kama nimelewa."

Wakati mzee akiendelea kueleza, Salmini alianza kusikia harufu ya maharage yanayoungua. Ilitoka jikoni, hatua chache nyuma ya kiti cha mzee, ikazidi, ikajaa barazani hata macho yakaanza kuwasha. Mtu aliyefunga hawezi kukosea harufu ya chakula. Lakini Mzee Raymundi aliendelea na udongo wa bonde la mto Rhine kana kwamba hakuna lililotokea, hadi Bi Bernadeta alipotokea bustanini mbio, akapita na kuingia jikoni akijilaumu kwa Kinyamwezi.

Salmini aliliweka hilo akilini, akauliza kuhusu ufunguaji. Mzee alisema chupa ilikuwa imezibwa kwa nta, na nta ilikuwa nzima. Lugembe mwenyewe aliishika akaisifu. Nta hiyo huwekwa na Bernadeta kuzuia mchwa, tangu mwaka 1968. Na kanuni ya divai inataka mwenye nyumba ajimiminie kwanza, ili kama ina kasoro imkute yeye.

"Lakini hapa ni Tabora," alisema mzee. "Utajimiminia wewe mgeni anakutazama? Nikammiminia Lugembe kwanza, halafu mimi, halafu Bernadeta. Mimi nilikunywa, sikupata hata kikohozi. Bernadeta alikuwa hajaigusa yake."

Salmini aliomba kuona mahali chupa zinapowekwa. Mzee alisema goti lake halishuki tena shimoni, kwa hiyo alipelekwa na Bi Bernadeta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye mikono iliyozoea kazi, na njiani alimwuliza tu kama Mfaume amekula daku.

"Hakula, mama. Alikataa."

Bi Bernadeta aliinamisha kichwa. Aliinua mlango wa mbao uliofunika shimo, chini ya ghala la mahindi, akamshikia taa huku Salmini akishuka ngazi. Chini palikuwa na ubaridi. Chupa tatu zilibaki, zimesimama wima kwenye rafu, na shingo zake zimevikwa nta ya manjano. Salmini alibonyeza ukucha kwenye nta ya chupa moja, ukaacha alama. Haikuwa nta ya miaka. Ilikuwa laini, safi, bado ina harufu ya mzinga. Alipochunguza pembeni mwa ukuta, kwenye vichuguu vidogo vya udongo wa mchwa, aliona kizibo cha kale. Kilikuwa chepesi kama karatasi, ndani kimetafunwa chote, kimebaki ganda. Alikitia mfukoni, akapanda. Bi Bernadeta aliutazama mfuko ule, kisha akamtazama usoni.

Mchana ule kituoni Salmini alichukua chupa tupu ya soda, akaijaza maji mpaka karibu na shingo, akamimina humo kifuniko kimoja cha mafuta ya taa, akaiacha juu ya meza. Koplo Shilinde alikuja kutazama. Mafuta yalipanda yote, yakatulia shingoni kama pete. Salmini akamimina kidogo kwenye bilauri ya kwanza, kisha kwenye ya pili.

"Nusa."

Shilinde alinusa ya kwanza akajirudisha nyuma. Ya pili akainusa mara mbili, akasema inanuka kwa mbali.

"Basi mafuta hayakutiwa kwenye glasi," Salmini alisema. "Yalikuwa ndani ya chupa, yamekaa juu, yakimsubiri atakayemiminiwa kwanza. Na nta ilikuwa nzima. Aliyeyatia ndiye aliyeziba."

Koplo hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alisema Mfaume angeweza kuingia shimoni kwa siri na kuziba upya. Salmini alimjibu kwamba mfanyabiashara wa mafuta hawezi kwenda kuyeyusha nta kwenye jiko la jirani bila kuonwa, lakini alijua jibu hilo lina tundu. Kulikuwa na swali jingine lililomsumbua zaidi. Lile la moshi. Zabibu hazina moshi. Asali ya Tabora ndiyo yenye moshi, kwa sababu warina asali hupanda mizingani na kienge, kitita cha majani makavu kinachofuka, na asali haikisahau kienge hicho. Kilichokuwa ndani ya chupa ya Mzee Raymundi hakikuwa kimeona Ujerumani. Kilikuwa wanzuki, ile pombe ya asali, iliyochujwa na kutunzwa kwa uangalifu ambao Salmini hakujua kwamba upo.

Mjuzi aliyesomea kuonja divai miaka miwili anawezaje kunywa wanzuki na kuusifu kwa jina la Rislingi?

Ijumaa baada ya sala alirudi Cheyo. Mzee alikuwa kwenye mizabibu yake akifunga matawi kwa kamba ya katani. Salmini alichukua kamba akamsaidia.

"Mzee," alisema mwishowe, "jana maharage yaliungua."

Mikono ya Mzee Raymundi ilisimama.

"Nilikuwa na bibi yangu," Salmini aliendelea, "alikuwa mpishi wa udi. Nilimgundua kwa alama ile ile."

Mzee aliketi kwenye ukingo wa tuta, taratibu, kwa sababu ya goti. Alisema ilikuwa homa ile ya mafua ya mwaka 1968, iliyowalaza watu mtaa mzima. Alipona kila kitu isipokuwa pua. Haikurudi. Ulimi bado unajua tamu na chungu na uchachu, lakini harufu hakuna, hata ya mvua.

"Na Bi Bernadeta hajui?"

"Nimwambie nini, Inspekta?" Sauti ya kusomesha ilikuwa imemtoka. "Nilimwacha hapa peke yake miaka miwili na zaidi. Alilima, alimzika mama yake mzazi nami sipo. Nilichomletea ni pua yenye elimu na zile chupa. Pua ikishakufa, nilimwachia nini? Kila mwaka nanusa hewa, nasema ninayoyakumbuka. Mwaka jana nilisahau kidogo, nikanyamaza muda mrefu, nikamwona anahangaika. Nakuomba, usimwambie."

Salmini alimtazama kwa huruma kubwa, na wakati huo huo kesi yote ikamkalia sawa kichwani. Hakuahidi. Alisema tu kwamba kuna mtu mahabusu ambaye hakufanya kosa, na kwamba jioni ile atawaomba wote wakae barazani.

Walikaa kabla ya jua kuzama. Lugembe aliruhusiwa hospitali siku ile. Alikuja na sauti ya kukwaruza, akachagua kiti kilicho mbali na meza. Koplo Shilinde alimleta Mfaume kwa pingu. Bi Bernadeta alikuwa anaweka vikombe, akaziona zile pingu, na kikombe kimoja kikagongana na kingine. Mzee Raymundi hakumsalimu Mfaume, wala Mfaume hakumsalimu yeye.

Salmini aliwaeleza kwa utaratibu. Alirudia jaribio la chupa ya soda mbele yao, akampa Lugembe bilauri anuse, naye akaisukuma mbali haraka. Aliwaambia kuhusu nta nzima, na kwamba nta ile ilikuwa mpya. Kisha akatoa mfukoni kile kizibo kilicholiwa na mchwa, akakiweka mezani.

"Hiki kilikuwa kwenye chupa ya Ujerumani," alisema. "Mchwa wakila kizibo hivi, divai haibaki. Kwa hiyo chupa hii ilijazwa upya. Aliyeijaza anajua asali, anajua kuziba kwa nta, na huingia shimoni bila kumshtua mtu. Alitia mafuta kabla ya kuziba."

Mzee Raymundi alisimama. "Unamsema mke wangu, mbele yangu? Bernadeta hawezi kumdhuru mtu. Kama ni lazima mtu aende, nitakwenda mimi. Chupa ni zangu."

"Kaa, mzee wangu," Bi Bernadeta alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini mzee akakaa. Mke alikuja akasimama mbele ya Mfaume, akazitazama zile pingu.

"Mfungueni huyu. Ni mimi." Akamgeukia mumewe. "Ulisema ziwekwe ndani ya nyumba. Mimi nikaona ndani kuna joto, nikazipeleka shimoni bila kukuuliza. Zile mvua za mwisho wa 1968 nikashuka, nikakuta vizibo vyote vimeliwa. Nyingine zilikuwa tupu, nyingine siki. Nilikaa kule chini nikalia mpaka ukaniita. Kitu pekee ulichoniletea kutoka mbali, nikakilisha mchwa."

Alieleza kwamba baba yake alikuwa mrina asali wa Sikonge, na yeye alijua kutengeneza wanzuki tangu utotoni. Aliuchuja mara nyingi kwa kitambaa, akauacha ukae, akaujaza chupani, akaziba, na kila mwaka akatia nta mpya. Na kwa kuwa kila mwaka mumewe alisema kwamba Rislingi nzuri hunuka mafuta ya taa, alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta, akaupitisha chupani mara moja.

"Mara ya kwanza nilitetemeka. Ukanusa, ukasema mafuta ya taa, tufaha, asali. Nikamshukuru Mungu. Mwaka jana ukanusa ukanyamaza. Ukanyamaza muda mrefu sana. Nikajua unyoya hautoshi, divai imekwisha kuzeeka zaidi, harufu inatakiwa kubwa. Mwaka huu, kwa kuwa mgeni anakuja, nikatia mafuta ya kujaa kifuniko cha soda. Sikujua yanapanda juu. Bwana Lugembe, nisamehe. Juzi usiku wote nilitaka kuja kituoni. Kila nikifika mlangoni nafikiri, nikilisema hili huyu mzee wangu atajua kwamba siku yetu ni ya uongo. Nikamwacha mtoto wa watu alale chini. Mfaume, nimekukosea."

Mfaume alikuwa anatazama miguu yake. Alisema taratibu kwamba sakafu si mbaya, ila Koplo anakoroma.

Mzee Raymundi alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Salmini alimgusa bega. Lililobaki halikuwa lake kulisema. Kisha mzee akaondoa mikono.

"Bernadeta, sikunyamaza kwa sababu harufu ilikuwa ndogo. Nilinyamaza kwa sababu nilisahau mstari. Pua yangu ilikufa na ile homa. Sijasikia harufu tangu hapo. Si ya divai, si ya chakula chako, wala yako wewe. Nilikuwa naogopa utaona ulinisubiri bure."

Bi Bernadeta alimtazama kana kwamba amemwona akishuka tena kwenye treni. Alivuta kigoda, akaketi karibu yake, akamshika mkono, na wakakaa hivyo mbele za watu, wazee wawili wa Tabora ambao kwa miaka mitatu walidanganyana kwa ajili ya kupendana.

Lugembe ndiye aliyeanza kusema. Alikohoa kwanza. Alisema kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba kumbe hakulishwa sumu, amelishwa mapenzi ya watu wengine, na hayo kwenye taarifa ya serikali hayana safu. Ataandika kwamba alipaliwa kwa sababu alikunywa kwa pupa, jambo ambalo pia ni kweli. Akauliza, bila kumtazama mtu, kama huo wanzuki usio na mafuta upo, maana kuna wanakijiji wenye mizinga mia mbili na hawana wa kuwafundisha.

Koplo Shilinde alifungua pingu. Aliuliza kwa Inspekta peke yake lile neno HUJUMA kwenye jalada litafutwaje, akaambiwa akachukue jalada jipya.

Bi Bernadeta alishuka shimoni, akarudi na chupa iliyokuwa nyuma ya zile tatu, aliyojiwekea mwenyewe, bila unyoya. Mzee akaondoa nta kwa kisu. Safari hii alifuata kanuni: alijimiminia kwanza yeye. Aliinua glasi kwenye mwanga wa mwisho wa jua, akaitazama rangi yake muda mrefu, akaizungusha, akaipeleka puani kwa mazoea, kisha akaishusha. Akamsogezea mkewe.

"Nambie," alisema, "inanukaje?"

Bi Bernadeta alikuwa hajawahi kuulizwa. Alinusa, akasita, akanusa tena.

"Maua ya mti wa mtundu," alisema. "Yakishanyeshewa mara ya kwanza. Na moshi wa kienge. Baba yangu akishuka kutoka juu ya mti, shati lake lilikuwa hivi."

"Na nini tena?"

"Tufaha sijui. Sijawahi kuliona." Alifikiri. "Kuna kitu kingine. Siku ile stesheni uliponikumbatia, koti lako lilikuwa na moshi wa treni. Nao umo. Kidogo, mwishoni."

Mzee Raymundi aliichukua glasi, akaonja kidogo, akakaa nayo mdomoni amefumba macho.

"Naam," alisema. "Upo."

Adhana ya magharibi ilianza upande wa Kanyenye. Tatu alikuwa amefika langoni na kikapu chake, na Mfaume alikuwa amekwisha kukifunua. Alimpa Inspekta Salmini tende, naye akaipokea, akaisogeza kwanza puani kama alivyofundishwa, akamkumbuka bibi yake, akala.